Kiatu Kimoja, Majina Matano

Msomaji, chukua kiatu chepesi cha turubai chenye soli ya mpira, kile kivaliwacho na watoto wakati wa michezo ya shule. Kipeleke London, ukawaulize watu jina lake. Watakuambia kuwa ni 'plimsoll'. Kipeleke Bristol, mji wa bandari ulio upande wa magharibi wa Uingereza, au vuka kidogo uingie Wales ya kusini, na jina litakuwa 'dap'. Huko Manchester wengi watakiita 'pump'. Huko Newcastle, kaskazini mashariki, utasikia 'sandshoe'. Na ukivuka bahari mpaka Belfast, utaambiwa kuwa ni 'gutty'. Kiatu hakikubadilika hata kidogo katika safari hiyo. Lugha pia haikubadilika, kwani miji yote hiyo husema Kiingereza, lugha ile ile tunayojifunza darasani kana kwamba kila kitu ndani yake kina jina moja tu.

Maneno ya namna hii, yatajayo mavazi ya kila siku, ndiyo nitakayo kuyahakiki katika insha hii. Hayasikiki mahakamani wala katika hotuba za wakuu. Kwao ni jikoni, uwanjani, sokoni na mlangoni pa shule. Mengine ni ya lahaja, yaani yametoka katika usemi wa wenyeji wa jimbo fulani; mengine ni ya simo, yaani yalizuliwa na kikundi cha watu kwa mzaha au kwa siri, kisha yakaenea. Wako wasomi ambao wakiyasikia hukunja uso na kuyaita Kiingereza kibovu. Hukumu hiyo yaonekana kwangu kuwa nyepesi mno. Mhakiki mwema halitupi shairi kwa sababu mtungaji wake ni mtu wa kijijini. Hulisoma kwanza, akalipima. Nasi na tuyapime maneno haya kwa mizani ya haki. Tuulize kila neno lina picha gani, lina sauti gani, lina habari gani ndani yake, na laweza kusafiri umbali gani kabla halijapotea njia.

Tuanze na 'plimsoll', ambalo ndilo lenye heshima kubwa kuliko mengine. Jina hili lilikuwa la mtu. Samuel Plimsoll alizaliwa mwaka 1824, akachaguliwa kuwa mbunge wa Derby mwaka 1868. Siku zile baadhi ya wenye meli walikuwa wakizipakia shehena kupita kiasi, na mabaharia wengi walikufa maji. Plimsoll alishindana nao Bungeni mpaka mwaka 1876, ilipopitishwa sheria ya kwamba meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha kikomo cha kuzama kwake majini inapopakiwa. Alama ya namna hiyo yaonekana hata leo ubavuni mwa meli zitiazo nanga Kilindini. Viatu vya turubai navyo vilikuwa na ukanda wa mpira uliozunguka mahali soli inapoungana na kitambaa. Watu waliutazama ukanda ule, wakakumbuka mstari wa meli. Na hivyo ndivyo jina la kiatu lielezwavyo kwa kawaida.

Kwa uzuri wa picha, basi, neno hili lastahili sifa. Aliyelibuni alikifanya kiatu kuwa chombo, na maji ya mvua njiani kuwa bahari. Lakini lina upungufu wake. Asiyeijua habari ya meli haoni picha yoyote. Huona jina la ukoo tu, tena gumu kuandika. Tena kumbuka jambo hili: neno ambalo leo hufikiriwa kuwa la adabu lilianza likiwa jina la utani. Halikuzaliwa katika kamusi. Lilizaliwa njiani, kama wenzake wanaodharauliwa.

'Dap' ni neno la namna nyingine. Halina picha, lina sauti. Litamke mara mbili au tatu kwa haraka, nawe utasikia nyayo za mtoto akimbiaye katika ukumbi. Wako watu waliobuni hadithi kwamba neno hili ni herufi za kwanza za jina la bidhaa ya kiwanda fulani. Hadithi hiyo ni tamu, lakini yafaa ishukiwe, kwa kuwa lahaja za magharibi ya Uingereza zilikuwa na neno la zamani 'dap', maana yake kudunda, kama mpira udundavyo chini. Kiatu cha mpira kupewa jina la kudunda ni jambo lililo karibu zaidi na akili kuliko fumbo la herufi. Nalo neno hili limeleta kichekesho kimoja kizuri. Samuel Plimsoll, yule ambaye kiatu kilichukua jina lake London, alizaliwa Bristol. Na Bristol ndiko hasa watu wanakokiita 'dap'. Mji uliomzaa haukulihitaji jina lake, kwa kuwa ulikuwa na lake mwenyewe.

'Gutty' latufundisha habari ya kitu chenyewe. Limetokana na jina la utomvu mgumu wa miti ya nchi za Kimalei, utomvu ambao katika karne ya 19 ulisafirishwa kwa wingi hadi Ulaya, ukatumiwa kutengenezea mipira ya gofu na kufunikia nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Maskini mtoto wa Belfast au wa Scotland, avaapo viatu vyake vya michezo, hajui kwamba ametia miguu yake ndani ya neno la Kimalei lililovuka bahari mbili tatu! Nasi Wakenya tulifanya vivyo hivyo tulipoviita viatu vya namna hiyo 'raba'. Tulikitazama kitu kimefanywa kwa nini, tukakipa jina la mali yake. Mtu wa Belfast na mtu wa Nakuru hawakushauriana, lakini akili zao zilipita njia moja.

'Sandshoe' ni neno la watu wa pwani. Lasema wazi: hiki ni kiatu cha mchangani. Viatu hivi vilivaliwa sana na watu waendao kupunga upepo ufukweni kabla havijaingia shuleni. Neno hili halina fumbo, wala halina kiburi. Msikilizaji mgeni huweza kukisia maana yake bila kuelezwa, na hiyo ni fadhila kubwa kwa neno lolote. Twaweza kulilaumu kwa jambo moja tu, kwamba mtoto wa shule huvaa kiatu hiki ukumbini, ambamo hamna punje ya mchanga.

Limebaki 'pump'. Ni neno la zamani kuliko mpira wenyewe. Shakespeare alilitumia kwa maana ya viatu vyepesi. Lakini kwa mizani ya mhakiki ndilo dhaifu kuliko yote matano. Sauti yake ni ile ile ya chombo cha kuvutia maji na kujazia upepo, ambacho sisi twakiita pampu. Tena huko Marekani laashiria kiatu cha mwanamke chenye kisigino. Mwambie mgeni alete 'pump', naye aweza kuleta kifaa cha baiskeli, au kiatu cha harusi, au kiatu cha michezo, na katika yote matatu asiwe mwenye makosa. Uzee wa neno ni heshima, lakini uzee hauliponyi neno lenye utata.

Waona sasa, msomaji, kwamba maneno haya hayalingani. Kuna jema na kuna dhaifu, na tofauti yake haikutokana na cheo cha wayasemao. Neno la mjini si lazima liwe bora, wala la kijijini si lazima liwe duni.

Utata ninaousema waonekana zaidi tukipanda kutoka miguuni kwenda kiunoni. Suruali huitwa 'trousers' katika Kiingereza sanifu. Huko Scotland ina jina la kale 'breeks'. Huko Liverpool vijana huiita 'kecks'. Huko Australia imeitwa 'strides', jina litokanalo na hatua ndefu. Haya hayamdhuru mtu, kwa kuwa asiyeyajua hujua kwamba hayajui, naye atauliza. Neno la hatari ni 'pants'. Asili yake ni mchezo wa kuigiza wa Italia, ambamo mlikuwa na mzee mchoyo wa Venice aitwaye Pantalone, aliyejulikana kwa mavazi yake ya miguuni. Kutoka kwake jina likawa la suruali, kisha likakatwa likawa fupi. Marekani 'pants' ni suruali. Manchester na sehemu nyingine za kaskazini ya Uingereza, vilevile ni suruali. Lakini London na kusini, 'pants' ni nguo ya ndani, ile isiyotajwa mbele ya wageni.

Usidhani kwamba jambo hili ni la kuchekesha tu. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi katika hospitali za huko. Mfikirie muuguzi wetu, amefuzu vyema mtihani wake wa Kiingereza, naye yumo katika wodi ya wazee huko Manchester. Mzee mmoja amwomba 'pants' zake. Muuguzi aliyefunzwa kwamba neno hili lina maana moja tu atampelekea nguo ya ndani, na mzee alitaka suruali ili aketi na wageni wake kwa heshima. Hapo hapajatokea kosa la sarufi hata moja, lakini mgonjwa ameaibika na muuguzi ameonekana mzembe. Kumbe ujuzi wa maneno ya mitaani nao ni sehemu ya kazi! Aliyejifunza Kiingereza cha kitabu peke yake amejifunza nusu ya njia.

Wapinzani wa maneno haya watajibu kwamba mengi yametoka kwa watu wasiofaa. Wana ushahidi, nami sitauficha. Neno 'togs', maana yake nguo, lilichipuka kutoka katika lugha ya siri ya wezi na wazururaji wa Uingereza wa karne ya 16, ambao koti au joho waliliita 'togeman', na wataalamu hulihusisha neno hilo na joho la Warumi wa kale. Je, leo liko wapi? Limo midomoni mwa wazazi na walimu. Ireland, New Zealand na jimbo la Queensland huko Australia hulitumia kwa nguo za kuogelea, wala hakuna mama amwambiaye mwanawe achukue 'togs' zake akidhani ametamka neno la wezi. Neno likishatoka mikononi mwa aliyelizua huwa mali ya walitumiao. Kulihukumu kwa baba yake wa miaka mia nne iliyopita ni sawa na kumnyima kijana kazi kwa deni la babu yake.

Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake ni jibu bora kuliko hoja yangu yoyote. Joseph Wright alizaliwa Yorkshire mwaka 1855, katika umaskini mkubwa. Alianza kazi akiwa na umri wa miaka sita, akiongoza punda machimboni. Kisha akaingia kiwanda cha nguo. Kusoma na kuandika hakukujua mpaka alipokuwa kijana wa miaka kama 15. Lakini alipoanza hakuacha. Alisoma usiku, akafundisha, akaenda Ujerumani, akapata shahada ya udaktari huko Heidelberg, na mwaka 1901 akafanywa profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mtu wa namna hiyo angeweza kuyafuta maneno ya utotoni kama mtu apangusaye matope viatuni kabla ya kuingia sebuleni. Wright alifanya kinyume. Aliyakusanya. Kamusi yake ya lahaja za Kiingereza ilitolewa kati ya mwaka 1898 na 1905, nayo ni mabuku sita. Humo maneno ya wachunga kondoo, wavuvi na wafanyakazi wa viwandani yamepangwa kwa uangalifu ule ule ambao wasomi waliyapangia maneno ya Kilatini. Baada yake, kati ya mwaka 1950 na 1961, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds wakiongozwa na Harold Orton walizunguka mahali 313 nchini Uingereza wakiwauliza hasa wazee wa vijijini majina ya vitu vya kila siku. Kama maneno hayo yangekuwa takataka, watu wenye elimu kiasi hicho wasingeinama kuyaokota.

Lakini kwa nini nawasumbua wanafunzi wa Kenya kwa habari ya viatu vya Bristol? Ni kwa sababu ya haya. Neno la nguo ni katika maneno ya kwanza mtoto asikiayo. Hulisikia kwa mama yake anapovishwa asubuhi. Ukimcheka mtoto kwa neno hilo, hukucheki kiatu, wamcheka mama. Huko Wales, katika karne ya 19, shule nyingine ziliwavisha shingoni kipande cha ubao watoto waliosikiwa wakisema Kiwelisi. Nchini Kenya nako, shule nyingi zilitumia kibao au alama ya namna hiyo kwa mtoto aliyesema lugha ya nyumbani kwao. Mtoto aliyevishwa ubao alijifunza jambo moja upesi kuliko Kiingereza, nalo ni kunyamaza. Mwalimu awaye yote ajua kwamba mwanafunzi anyamazaye kwa haya hafundishiki, maana makosa yake hayatoki nje yakapata kusahihishwa. Hasara hii ni kubwa kuliko hasara ya neno moja kutumiwa mahali pasipo pake.

Hata hivyo, mhakiki asifu penye sifa na alaumu penye lawama, na maneno ya mitaani yana lawama zake. Ya kwanza ni kwamba hayasafiri. Ni kama sarafu ya nchi moja. Ndani ya mipaka yake hununua kila kitu, na nje ya mipaka ni kipande cha chuma. Kijana wa Liverpool aandikaye barua ya kuomba kazi Mombasa, akisema kwamba ana 'kecks' mpya za kuvaa kazini, amemfungia msomaji mlango. Lawama ya pili ni kwamba mengi hufa upesi. Simo ya mwaka huu huwa kichekesho mwaka ujao, na maandishi yaliyojengwa juu yake huzeeka pamoja nayo. Ndiyo maana mitihani, sheria na magazeti huhitaji Kiingereza sanifu, nami sina ugomvi na mahitaji hayo. Jumuiya kubwa yahitaji njia kuu ipitwayo na wote.

Lawama ya tatu hailiangukii neno, yamwangukia mwigaji. Wako vijana wetu wanaookota simo za London au za Marekani katika filamu, wakazivaa mbele ya wenzao ili waonekane wamesafiri. Kwa mtoto wa Manchester 'pump' ni neno la nyumbani. Kwa mwigaji wa Eldoret ni pambo la kuazima, tena halimkai vizuri, kwa kuwa hakuna hata mmoja katika wasikilizaji wake alijuaye. Wenyeji wa lugha hupata joto katika maneno hayo kwa sababu wamekua nayo. Kuyaiga bila sababu ni kuvaa koti la sufu Lamu wakati wa jua kali.

Basi hukumu yangu ni hii. Neno la mitaani halina kosa la asili. Lipimwe kwa picha yake, sauti yake na uwazi wake, kama neno jingine lolote. Na mtumiaji apimwe kwa kujua mahali pake. Ukiandika kwa watu usiowajua, tumia njia kuu. Ukiwa mgeni katika mji, sikiliza kwanza wenyeji husemaje, kwani wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Na ukimsikia mtu akitaja nguo yake kwa jina usilolijua, muulize lina maana gani na limetoka wapi, kabla hujamcheka.

Kazi hii ya kupima maneno waweza kuianza leo, wala huhitaji meli ya kwenda Uingereza. Itazame ndara ya mpira iliyo mlangoni pako. Mmoja huiita kandambili, akiangalia kanda zake. Mwingine huiita patapata, jina lisikikalo kama mwendo wa mvaaji sakafuni. Wako waiitao malapa, na wengine champali, neno la jamaa zetu wa Bara Hindi. Vijana wa Nairobi nao wana 'njumu' na 'ndula' kwa viatu, na 'longi' kwa suruali ndefu. Yapange maneno hayo katika daftari lako. Andika ni nani alisemalo kila moja, na wapi. Kisha liulize kila neno maswali yale manne tuliyoanza nayo, ukatoe hukumu yako mwenyewe, ukiwa na sababu.